Kina Kirashu wa Gotu na Kinna

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa hata mmoja. Niliosha glavu. Nyinyi wauguzi wa leo mnavaa glavu mara moja na kutupa, kwa hivyo hamtaniamini, lakini sisi tulikuwa tunaziosha kwa sabuni, tunazijaza maji kutafuta tundu, tunazianika kwenye kamba kama soksi, tunazipaka poda, halafu tunazirudisha kwenye chombo cha mvuke zitumike tena. Nilisimama kwenye sinki la hospitali ya Isiolo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, vidole vimekunjamana, nikijiuliza kama hii ndiyo kazi niliyoisomea.

Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, alipita akanitazama. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Meru, na viatu vyake havikusikika akija.

"Wewe ndiye binti wa mtaa wa Wabera?"

"Ndiyo, Metroni."

"Nasikia baba yako ana malori."

"Ana lori moja, Metroni. Babu ndiye alikuwa askari wa Mzungu, akaachwa hapa na pensheni kidogo. Baba akanunua lori."

"Hapa lori la baba yako haliingii. Hapa nataka mikono safi na mdomo uliofungwa. Ukitoa maneno ya mgonjwa nje ya wodi utamwaga unga siku hiyo hiyo, na nitakurudisha kwa baba yako mimi mwenyewe kwa miguu."

Nilisema ndiyo, Metroni. Nilisema ndiyo, Metroni kwa miaka mingi sana, hata baada ya yeye kustaafu.

Mwalimu wenu ameniomba niwaelezee kazi ilivyokuwa. Nimechoka, wallahi, magoti yananiuma hata nikiketi, lakini nitaeleza. Najua pia kwamba hamtaki habari za glavu. Kila mkija nyumbani kwangu mnauliza jambo moja: kwa nini hapa Isiolo kuna watu wanaitwa Kirashu? Si jina la Kiturkana, si la Kiborana, si la Kimeru, si letu sisi Wasomali. Wengine wenu mmeketi nao darasani. Jina hilo limeingia mikononi mwangu mimi, kwa hivyo nikieleza kazi yangu nitakuwa nimelieleza na lenyewe.

Baada ya muda wodini nilipewa barua ya kwenda Gotu, kufungua zahanati. Nilikwenda nyuma ya gari la afya, nimekalia gunia la pamba. Mbele aliketi bosi wangu mpya, Bwana Kirashu, afisa wa tiba. Afisa wa tiba si daktari wa digrii. Ni yule anayetibu, anayeshona, anayeng'oa meno, na anayesaini kila kitu, na wananchi humwita daktari bila kuuliza zaidi. Alitoka Wundanyi, milima ya Taita, mahali kwenye ukungu na migomba. Alipoona vumbi la Gotu alishuka, akavua kofia, akapiga chafya.

"Sista Amina," aliniambia, "wewe ndiye mwenyeji. Hapa maji yako wapi?"

"Mimi ni mwenyeji wa mjini, Bwana Kirashu. Huku sijawahi kufika."

"Nami nimepita tu na gari la chanjo. Basi sote ni wageni. Afadhali."

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya bati. Tulikuwa na friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo, ambayo ilizimika upepo ukivuma, na stovu ya kuchemshia vyombo. Tulikuwa na fetoskopu, pembe fupi ya bati unayoiweka tumboni mwa mama, sikio lako upande wa pili, usikie moyo wa mtoto. Na tulikuwa na vidole. Kimo cha mimba tulikipima kwa vidole, tukihesabu kutoka kitovuni, na muuguzi aliyezoea hakukosea kwa zaidi ya wiki chache. Leo mna mashine inayoonyesha picha, na bado nawasikia mkibishana.

Hatukuwa tumemaliza kufungua masanduku mama mmoja Mturkana alipoletwa na mama mkwe wake, uchungu umemshika tangu jana yake. Nilimpima nikajua mara moja kuna taabu. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Mimi niliyaona hayo kwenye kitabu tu. Makalio yalipotokea nilinyoosha mikono nimvute, na Kirashu akanipiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono.

"Usivute, Sista. Ukimvuta atainua mikono juu na kichwa kitakwama. Mwache ashuke na uzito wake mwenyewe. Wewe tulia."

Kutulia ndiko kazi ngumu kuliko zote, hiyo iandikeni. Tulisimama pale mikono mitupu, jasho linatutoka, mpaka mgongo wa mtoto ukaonekana, kisha Kirashu akafanya alichofanya na kichwa kikatoka. Alikuwa mvulana, rangi ya majivu. Tulimsugua, tukampulizia, akalia.

Lakini alikataa titi. Kina mama wa pale walikuwa na desturi yao: mtoto akikataa kunyonya, bibi humtajia majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine, na jina atakalonyonya nalo ndilo lake. Yule bibi aliinama akataja majina hadi akaishiwa. Mtoto kafunga mdomo. Bibi akainua macho, akamwona Kirashu akinawa kwenye beseni.

"Huyu anaitwa nani?"

"Kirashu," nikasema.

Bibi akainama tena. "Kirashu," akasema, na mtoto akalishika titi.

Mimi najua kwa nini alinyonya. Mtoto aliyezaliwa kwa taabu huchoka, na akishapumzika hunyonya, hata ungemtajia jina la punda. Lakini hebu jaribu kumwambia bibi hivyo. Kirashu alicheka, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniambia kwamba jina lao hata kwao Taita ni la boma moja tu. Ukivuka bonde hulisikii tena, na yeye hakuwahi kujua babu yake alilipata wapi.

Habari ilitembea kuliko gari letu. Baada ya hapo kuna mama aliyekuwa amezika watoto wake wachanga, wote kabla hawajatambaa, na alipojifungua salama akasema huyu hatapewa jina la nyumbani. Kifo kimeshayazoea majina ya nyumbani, kinajua mlango. Alitaka jina la mtu wa mbali, jina ambalo kifo hakijawahi kulisikia. Akamwita Kirashu. Mtoto akaishi. Kuanzia hapo kila mama aliyefiwa na kufiwa alilitaka jina hilo, kama vile linatoka kwenye friji yetu pamoja na chanjo. Waliobahatika na watoto wao hawakulihitaji. Kwa hivyo mkikutana na Kirashu aliyezaliwa zamani huku kwetu, jueni kwamba kabla yake nyumba ile ilizika, isipokuwa yule wa kwanza.

Niliona aibu kidogo kwa ajili yake, nikamwambia, "Bwana Kirashu, watu watasema hawa wote ni wako."

"Waseme," akanijibu. "Jina halinipunguzii kitu."

Kirashu alihamishiwa Kinna kwanza, na alipoona kazi imemzidi akamwomba Metroni anipeleke nimfuate. Kinna ilikuwa afadhali, kuna maji ya mfereji na mashamba, na soko dogo unakoweza kupata vitunguu na ndizi. Wengi ni Waborana, lakini kulikuwa na Waturkana waliokuja kulima vibarua. Mke wa mmoja wao alifika nikiwa pale tayari, akitoka upande wa Lodwar kumfuata mumewe shambani. Alifika na mimba yake. Nilimpima mimi siku aliyokuja, na vidole vyangu viliniambia ni miezi sita. Alikuwa amezika wawili huko alikotoka. Alijifungua mvulana, naye akasikia habari za Gotu, na mvulana akaitwa Kirashu. Huyo leo ni Petro Kirashu, mzee wa kanisa. Yule wa kwanza wa Gotu alibatizwa Yohana Kirashu. Watoto wao walipoingia shule wakaandikwa kwa majina ya baba zao, na hivyo ndivyo jina la boma moja la Wundanyi lilivyokuwa jina la ukoo huku kwenye jua kali. Vijana walipohamia mjini kutafuta kazi, likafika na Wabera, hatua chache kutoka kwangu.

Kinna ndiko Kirashu aliponiambia jambo lake. Alikuwa amekwenda Meru, akidai anafuata dawa. Alirudi na dawa kidogo tu, akaketi kwenye kigoda karibu na friji bila kuvua kofia. Nilidhani amefiwa.

"Sista," akasema, "nimepimwa. Maji yangu hayana mbegu. Hayajawahi kuwa nazo."

Akanieleza kwamba utotoni aliugua matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu, na kwa wavulana wengine uvimbe hushuka ukaharibu huko chini. Aliyajua hayo kwenye vitabu, ila hakuwa amethubutu kujipima.

"Mke wangu hajui," akasema. "Nakuambia kama mgonjwa anavyomwambia muuguzi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Bwana Kirashu. Haitatoka kwangu."

Haikutoka. Kesho yake alirudi kazini, akapokea mtoto, na mama akamwomba ruhusa amwite mtoto Kirashu. Nilimtazama. Alisema, "Mwite, mama, mwite." Mimi nilijitia shughuli na chombo cha mvuke.

Sitawachosha na vituo vingine. Kirashu alihamishwa kusini, akastaafu, akafa kwao. Habari niliipata kwa simu. Mimi nilimalizia kliniki ya Wabera chini ya mabosi waliokuwa wadogo kuliko watoto wangu, wenye barua pepe na mikutano. Nikastaafu nikiwa na keki, saa ya ukutani, na mgongo mbovu. Nilidhani yamekwisha. Nilitaka kulala tu, nisiitwe na mtu.

Halafu Ekai akampenda Nakiru.

Ekai ni mtoto wa Yohana wa Gotu. Nakiru ni binti wa Petro wa Kinna, naye alikuja Gotu kufundisha chekechea. Hawakuwa na siri, baba zao walikuwa wamekubaliana, ng'ombe wametajwa. Kisha Jumapili moja mchungaji akatangaza ndoa kanisani kama kawaida, kwamba mwenye pingamizi aseme. Akasoma: Ekai Kirashu na Nakiru Kirashu. Wanasema kanisa liliguna. Walikuwa wanajua majina hayo yote mawili tangu zamani, lakini hawakuwa wameyasikia yakiunganishwa na mdomo mmoja.

Aliyesimama ni Mzee Lokaale, ndugu mdogo wa babu yake Ekai. Koo za watoto hawa ni tofauti, alisema, hilo analijua. Lakini jina ni la mwanamume mmoja, na mwanamume huyo alikaa Gotu, akakaa Kinna. Nani atamhakikishia kwamba Yohana na Petro si wana wa yule daktari? Hawezi kubariki ndugu waoane. Ndoa ikasimama. Ekai akasema waende Nairobi wapimwe damu, na hapo mkwe wake mtarajiwa akawaka. Petro alisema mama yake yuko kaburini, na yeye hatatoa damu yake ipelekwe maabara kuuliza kama mama alikuwa mwaminifu. Afadhali binti akae nyumbani. Yohana naye akasema hivyo hivyo. Basi wazee wakaamua waulizwe wawili: mwenye jina, au mtu wake aliyebaki, na Sista Amina aliyewapokea wote.

Nakiru alikuja kwangu Wabera na bodaboda, macho yamevimba.

"Shosho, wewe ulikuwepo," akaniambia. Ananiita shosho, yaani bibi, ingawa si damu yangu. "Sema tu ukweli. Mimi nimeshamkubali Ekai. Wakikataa sitaolewa na mtu mwingine, na sisemi hivyo kwa hasira."

"Nitasema ninachojua, mama," nikamwambia, ingawa nilijua ninachojua.

Mwalimu mmoja Mtaita, anayefundisha na Nakiru, ndiye aliyeipata familia ya Kirashu kwa simu. Mjane wake, Bi Wakesho, aliposikia habari hakutaka kujibu kwenye simu. Alisema anakuja. Mwanamke wa umri wangu, alipanda basi mpaka Nairobi, na jingine mpaka Isiolo, na kwa kuwa hakuwa na mtu hapa mjini alishukia kwangu. Nilimtengenezea chai ya maziwa. Aliinywa polepole, akatazama nyumba yangu, picha za watoto wangu na wajukuu ukutani.

"Dada, wewe ulifanya kazi naye," akasema.

"Ndiyo. Alikuwa bosi wangu. Alinifundisha kazi."

"Mimi sikumzalia. Unajua hilo?"

"Nilisikia."

"Mama mkwe aliniita tasa mpaka siku anakufa. Alikuwa anasema mwanawe ana watoto kaskazini, wanabeba jina lake, kwa hivyo ubovu ni wangu. Mume wangu alikuwa anamsikia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Sasa nimeitwa, nikasema niende niwaone kwa macho hao watoto. Nikiwaona nitajua ni mimi, nipumzike."

Nilimwongezea chai ambayo hakuiomba. Mimi nilikuwa nimejisifu moyoni maisha yangu yote kwamba niliitunza siri ya bosi wangu, na hapa mezani kwangu ameketi mtu aliyekuwa akiadhibiwa nayo. Nilimkasirikia Kirashu, marehemu, mtu niliyemheshimu kuliko baba yangu. Nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Nikajiambia labda wazee watatosheka na vidole vyangu, na hili lingine lisihitajike.

Kikao kilikuwa Jumamosi pale Gotu, kwenye darasa la Nakiru la chekechea, kwa sababu ndilo lenye kivuli na nafasi. Watu wazima tuliketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na ukutani kuna picha za kuku na herufi. Yohana upande huu, Petro upande ule. Ekai na Nakiru mlangoni. Mchungaji aliomba, mimi nikasema amina pamoja nao. Bi Wakesho alikuwa akiwatazama Yohana na Petro bila kupepesa, anamtazama huyu pua, anamtazama yule masikio.

Nilieleza. Nilisema mama yake Yohana alikuja kujifungua hata masanduku hatujamaliza kufungua. Nilisema mama yake Petro alifika Kinna na mimba ya miezi sita kutoka Lodwar. Nilieleza jinsi majina yalivyotolewa, moja kwa titi, jingine kwa misiba. Petro alikuwa hajui kwamba alitanguliwa na wawili, aliinamisha kichwa. Nilidhani imetosha.

Mzee Lokaale akakohoa. Si mtu mbaya yule, msimfikirie vibaya. Alikuwa anaogopa kweli.

"Sista, asante. Lakini huyo daktari alishakuja hapa na gari ya chanjo kabla ya nyinyi kufungua hiyo zahanati. Mimi mwenyewe nilimwona. Na hiyo mimba ya Kinna, nani alihesabu miezi?"

"Mimi, Mzee."

"Na nini?"

"Na vidole."

"Vidole yako. Na wewe ulikuwa mtu yake. Mimi sikuiti mwongo. Lakini kama umekosea, hawa watoto wanazaa nini? Niletee neno ambalo linafunga."

Petro akasema kama ni hivyo basi aondoke na binti yake. Akasimama, kiti kidogo kikamng'ang'ania, akakivua kwa hasira. Nakiru pale mlangoni akaanza kulia kimyakimya, na Ekai hakuthubutu kumshika mbele ya wazee.

Nilichoka pale. Si magoti, ni mimi mzima. Nilimtazama Bi Wakesho, naye alikuwa anawatazama wale wanaume bado, akitafuta kasoro yake nyusoni mwao.

"Keti, Petro," nikasema. "Mzee, ninalo neno. Sikuruhusiwa kulisema. Aliyeniambia aliniambia kama mgonjwa, na kazi yetu ina kiapo. Lakini yeye amekufa na hawa wako hai. Bwana Kirashu hakuwa na uwezo wa kuzaa. Alipimwa Meru, akarudi akaniambia kwa mdomo wake. Si Yohana, si Petro, si mtu yeyote hapa wala Kinna wala mahali popote. Matubwitubwi yalimharibu akiwa mtoto."

Mzee Lokaale alimgeukia mjane taratibu. "Mama, hiyo ni kweli?"

Bi Wakesho alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Kupimwa sijui," akasema. "Matubwitubwi ni kweli. Mama yake alikuwa anasimulia kama kichekesho. Alivimba mpaka huku chini, wakamkalisha kwenye beseni la majani ya dawa. Alikuwa anasimulia nikiwa nimeketi hapo hapo, namenya viazi."

Mzee Lokaale alisugua uso wake. "Basi imefunga," akasema. Akamwita Ekai, akamwita Nakiru, akawawekea mikono vichwani mbele yetu wote, na Petro akakaa chini akajifuta macho na kofia. Mchungaji akasema atatangaza tena Jumapili. Wanawake waliokuwa nje wakachungulia dirishani, habari ikatoka kabla yetu.

Mtaniuliza kama nilikosea kazi, na mwalimu wenu najua ana jibu lake kwenye kitabu. Mimi sina nguvu ya kubishana. Nimebeba maneno ya watu tangu nikiwa msichana, na mengine nitazikwa nayo, ya mama zenu pia. Hilo moja nililitoa, na usiku ule nililala vizuri, na usiku uliofuata sikulala vizuri tena. Hiyo ndiyo hali ya mstaafu. Lakini mambo hayakuishia kwa Ekai na Nakiru, na nitawaambia yalipoishia.

Watu walipokuwa wanaanza kusimama, Bi Wakesho alisema, "Sista, rudia."

"Nirudie nini, dada?"

"Ulichosema. Alikuambia lini?"

"Tukiwa Kinna."

"Baada ya hapo alikuja nyumbani likizo nyingi sana," akasema. "Alikuwa ananiletea kanga. Mama yake akinitukana, yeye anatoka nje anakwenda kukata majani ya ng'ombe." Sauti yake haikupanda. "Alijua."

"Alijua," nikasema. "Pole, dada. Pole sana."

Alifungua mkoba akatoa simu ndogo ya vibonyezo. Aliishika mbali na macho akatafuta namba, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Wote tukasimama kama tulivyokuwa, hata Mzee Lokaale. Ikaita. Sauti ya mzee ikajibu kwa Kitaita.

"Shemeji," akasema Bi Wakesho kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Niko Isiolo. Kuna mtu hapa alifanya kazi na ndugu yako. Msikilize."

Akaninyooshea simu. Nikaichukua. Nikamwamkia, nikamwambia jina langu, nikamwambia yote tena, matubwitubwi, Meru, na kigoda karibu na friji. Kule kwake nilisikia kuku na mtu anapasua kuni.

"Mama alikufa akisema tasa ni Wakesho," mzee akasema.

"Nasikia," nikasema. "Si yeye."

Bi Wakesho akaichukua simu mkononi mwangu.

"Umesikia?" akamuuliza.

Mzee akasema amesikia.

"Basi waambie na wengine wa boma," akasema, "kabla sijafika." Na akakata simu.